Ndege Inayofanana na Ile ya Zamani

Mabibi na mabwana, wakufunzi wetu, ndugu marubani, hamjambo.

Mada yetu ni nyembamba. Rubani ana leseni, ametua mara mamia kwa ndege moja ndogo, na sasa anahamia nyingine. Hiyo nyingine nayo ina injini moja, viti vinne na magurudumu matatu. Ndege ngeni kabisa humtia mtu woga wa manufaa: atakaa macho, atauliza, atasoma. Inayofanana na ya zamani humbembeleza. Anapanda, anafunga mkanda, na akibakiza mita chache kufika chini, mikono yake inaanza kuitua ile ndege aliyoiacha.

Sheria hazimwamshi. Marekani na Ulaya, rubani anayetaka kubeba abiria anatakiwa awe amepaa na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita, kwa ndege ya daraja hilohilo. Kwa hesabu hiyo Cessna 172 na Piper Archer ni ndugu wa tumbo moja: zote injini moja, zote za kutua nchi kavu. Lakini Cessna ina mabawa juu ya kichwa na Piper chini ya kiti. Moja flapu zake, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege iruke polepole, zinaendeshwa kwa umeme, nyingine unazivuta mwenyewe kwa wenzo ulio sakafuni kati ya viti viwili. Moja unaiacha swichi ya mafuta kwenye matangi yote mawili, nyingine ina kushoto au kulia tu, na kubadili ni kazi yako.

Tuanze na jicho, maana jicho ndilo linalotua. Rubani hapimi kimo cha mwisho kwa saa yoyote, yaani kipimo chochote cha sindano kilicho mbele yake. Anakijua kwa picha: upana wa njia ya kurukia, pua inavyokata upeo wa macho, ardhi inavyopita pembeni. Picha hiyo ilijengwa kwenye kiti cha ndege ya kwanza. Sasa fikiria umbali kati ya jicho lako na magurudumu. Kama kwenye ndege mpya umbali huo ni mfupi zaidi, utaiona picha uliyoizoea wakati magurudumu bado yako juu, utainua pua mapema, kasi itaisha ukiwa hewani, na ndege itadondoka kwa kishindo. Kama umbali ni mrefu zaidi, utachelewa, na gurudumu la pua litafika chini kabla ya yale makuu. Makosa mawili tofauti kabisa, na chanzo chake ni kimoja.

Dawa yake inaanza chini, injini ikiwa imezimwa. Ndege iwe mahali tambarare. Kaa kwenye kiti, kipandishe au weka mto mpaka uone vizuri juu ya pua, kisha kumbuka tundu au alama ya kiti ili kila siku ukae palepale. Anayekaa chini leo na juu kesho anajifunza ndege mbili. Tazama mbele, uone ukingo wa pua unakata wapi upeo. Kisha mwombe mtu aliyezoea kazi hiyo aukandamize mkia taratibu hadi gurudumu la pua liinuke. Amuulize fundi kwanza mahali pa kukandamiza: kwenye Piper nyingi bawa la mkia ni kipande kimoja kinachozunguka, na si pahali pa kuegemeza uzito. Ukiwa umekaa, pua ikiwa juu, angalia kwa dakika 2 nzima. Hiyo ndiyo sura unayoitaka magurudumu makuu yanapogusa. Wengi hushangaa kuona pua imeficha sehemu kubwa ya mbele, na kwamba kilichobaki cha kukuongoza ni kingo za kushoto na kulia.

Baada ya jicho ni kasi, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo njia ya kurukia inapolika.

Fungua kitabu cha ndege husika. Usichukue kasi ya rafiki yako wala ya ndege inayofanana nayo. Cessna 172S, flapu zikiwa chini zote, kitabu chake kinataka noti (maili za baharini kwa saa) 60 hadi 70 wakati wa kukaribia. Archer III inataka noti 66 flapu zikiwa nyuzi 40. Cessna 152 noti 55 hadi 65. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Kwenye njia fupi ni kubwa, kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Ukizidisha kasi kwa asilimia 10, nishati ya kuimaliza inaongezeka kwa asilimia 21. Ukivuka kizingiti, yaani mwanzo wa njia, kwa noti 75 badala ya 65, umebeba theluthi nzima ya ziada. Ndege haitaki kukaa chini, inaelea, na rubani asiye na subira anaisukuma chini kwa nguvu. Matatizo mengi tutakayoyataja baadaye yanazaliwa hapo.

Angalia pia saa yenyewe ya kasi imeandikwa kwa kipimo gani. Ndege nyingi zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970 zinaonyesha maili za nchi kavu kwa saa. Sindano ikisoma 70 kwenye saa ya maili, mwendo wako ni noti 61. Mwenye mazoea ya "sitini na tano" akiileta namba hiyo kwenye saa ya maili, yuko noti 56 tu. Karatasi ndogo iliyobandikwa pembeni ya saa, yenye kasi zako nne muhimu kwa kipimo cha saa hiyo, ni kinga ya bei nafuu.

Kuna kanuni ya kuzidisha kasi ya stoli, yaani kasi ambayo bawa linapoteza mnyanyuko, kwa 1.3 ili kupata kasi ya kukaribia. Ni kanuni nzuri inayotumiwa vibaya. Kwenye 172S sindano husoma karibu noti 40 ndege inapoingia kwenye stoli na flapu zote chini. Mara 1.3 unapata 52, namba ya hatari. Kosa liko kwenye saa: pua ikiwa juu sana, hewa haiingii vizuri kwenye mrija wa kupimia, na sindano inasoma pungufu. Kasi iliyosahihishwa ni noti 48, na mara 1.3 inakupa 62, karibu kabisa na zile 61 ambazo kitabu kinazitaja kwa njia fupi. Zidisha iliyosahihishwa, kisha uigeuze kuwa ya kwenye saa kwa jedwali lililo kitabuni.

Na namba za kitabu ni za uzito wa juu kabisa. Mazoezi kwa kawaida ni watu wawili na nusu ya mafuta. Uzito ukipungua kwa asilimia 15, kasi ya stoli inashuka kwa karibu asilimia 8. Ndiyo maana ndege nyepesi inayoletwa kwa kasi ya kitabu huelea, mwanafunzi akasema "hii ndege haitaki kutua". Inataka. Ina noti 5 za ziada. Ila siku atakapopakia watu wanne, asipeleke kasi za mazoezi. Picha ya mwisho itakuja upesi zaidi na injini itahitaji kubaki na nguvu kidogo hadi karibu na ardhi.

Tukiwa kwenye kuelea, tuseme juu ya mabawa ya chini. Karibu na ardhi hewa inayosukumwa chini na bawa huzuiwa, na ule ukinzani unaotokana na mnyanyuko hupungua. Bawa likiwa juu kwa kimo cha robo ya upana wa ndege kutoka ncha hadi ncha, ukinzani huo umepungua kwa karibu asilimia 24. Likiwa kwenye sehemu moja ya kumi, karibu asilimia 48. Cessna 172 ina upana wa mita 11, na magurudumu yakigusa, bawa bado liko zaidi ya mita 2 juu. Bawa la Archer liko takriban mita 1. Kwa hiyo aliyetoka Cessna akifika na kasi ileile ya ziada, Archer itamchukua mbali zaidi. Na kinyume chake: Piper za zamani zenye bawa la mstatili, ukiondoa nguvu yote ukiwa juu, zinazama upesi kuliko mkono wa Cessna unavyotarajia. Ondoa nguvu polepole, umalizie ukiwa tayari unainua pua.

Sasa twende hewani, lakini si kwenye njia ya kurukia. Nusu saa ya kwanza iwe juu, futi 3,000 au zaidi kutoka ardhini, mkufunzi akiwa pembeni. Ruka polepole na flapu zote chini, ugeuke kushoto na kulia, usikie pedali zinataka nini. Ingia kwenye stoli ya kutua, utoke. Sikiliza king'ora cha kuonya stoli kinaanza noti ngapi kabla, maana ndege hutofautiana: nyingine hulia mapema na kwa muda mrefu, nyingine huwasha taa tu. Kisha fanya zoezi ambalo kwa maoni yetu linafaa kuliko yote na linapuuzwa kuliko yote. Chagua kimo, tuseme futi 3,500, ukiite ardhi. Anza futi 1,000 juu yake, shusha flapu kwa hatua kama uko kwenye mzunguko wa uwanja kabla ya kutua, teremka kwa kasi ya kukaribia, na ukifika kwenye "ardhi" yako weka ndege sawa, ondoa nguvu, uizuie isishuke kwa kuendelea kuvuta usukani mpaka king'ora kilie. Hapohapo ghairi, yaani acha kutua upae tena: nguvu yote, pua kwenye sura ya kupanda, flapu kwa hatua. Rudia mara 4. Utajua mkono unahitaji nguvu kiasi gani, trimu, ile inayokupunguzia uzito wa usukani mkononi, inasogea mizunguko mingapi, na ndege inazama kiasi gani flapu zinapopanda.

Hilo la flapu lisipite haraka. Kwenye 172 unasogeza kijiti kidogo na mota inafanya kazi kwa sekunde kadhaa. Kwenye Archer unashika wenzo wenye kitufe kichwani. Ukibonyeza na kuuachia, flapu zote zinafunga kwa mara moja, mnyanyuko unaondoka, na ndege inaanguka kama imekatwa kamba. Shikilia wenzo, uuteremshe tundu moja moja. Upande wa Cessna tatizo liko kwenye pua: ukiwa na flapu zote na trimu ya kukaribia, nguvu yote ikiingia pua inapanda kwa ubishi, na mkono unatakiwa uisukume kweli hadi trimu irekebishwe. Mpangilio wa 172S ukighairi ni nguvu yote, flapu hadi nyuzi 20, kupanda kwa noti 55, kisha nyuzi 10 hadi vizuizi vipite, na kufunga kabisa ukifika noti 60 kwenye kimo salama. Ndege yenye kabureta, chombo cha kuchanganya hewa na mafuta, inaongeza jambo: joto la kabureta lizimwe, la sivyo injini haitoi nguvu yake kamili.

Kwenye mzunguko, siku ya kwanza itafutwe yenye upepo wa mbele usiozidi noti 10. Usifanye gusa-uende, yaani kugusa njia na kupaa tena bila kusimama. Tua, simama, ondoka njiani, rudi mwanzo. Katika gusa-uende kuna sekunde chache za kufunga flapu, kurudisha trimu, kuzima joto la kabureta na kufungua nguvu, na vyote viko mahali ambapo mkono bado haupajui. Kwenye ndege ya magurudumu yanayokunjwa kuna balaa zaidi: mkono unatafuta flapu, unashika wenzo wa magurudumu. Kutua mara 6 kwa kusimama kunafundisha kuliko mara 12 za kugusa, na dakika zile za kurudi mwanzo wa njia ndizo za kuzungumza kosa likiwa bado moto.

Ruka mzunguko kwa futi 1,000. Kazi yako ya kwanza ni kupata namba za nguvu: mizunguko mingapi ya injini inakushikilia sawa kwa noti 80 au 90, na mingapi inakuteremsha kwa kasi ya kukaribia. Ziandike. Kwenye mstari wa mwisho kwa mteremko wa nyuzi 3, futi unazoshuka kwa dakika ni karibu mara 5 ya mwendo wako juu ya ardhi. Noti 65 ni kama futi 325. Chagua pa kulenga na upatazame kwenye kioo. Pakipanda kiooni unapungukiwa, pakishuka unapitiliza, pakisimama utafika hapo. Utagusa mbele yake kidogo, hilo lisikusumbue. Usipokuwa imara kwenye kasi na mteremko ukifika futi 300, ghairi bila mjadala. Kwa ndege ngeni tungependa kuona mtu akighairi mara 3 kwa saa kuliko akilazimisha mara moja.

Ukianza kuinua pua, hamisha macho kwenye mwisho wa njia. Anayeangalia karibu huona ardhi ikikimbia, akavuta kwa ghafla. Ndege inapaa tena futi kadhaa. Hapo usisukume. Shikilia sura uliyonayo, ongeza nguvu kidogo, iache izame yenyewe, uendelee. Ikiwa imepaa sana, au kasi inakufa, ghairi. Kuruka baada ya kugusa ni hivyohivyo: mruko mdogo unashikiliwa, mkubwa unaghairiwa. Kinachovunja ndege ni kusukuma. Gurudumu la pua linagonga kwanza, pua inarushwa juu, rubani anasukuma tena akiwa amechelewa nusu sekunde, na kila mruko unakuwa mkubwa kuliko uliopita hadi mguu wa mbele uvunjike na propela iguse lami. Mkono hauwezi kushindana na mdundo huo. Nguvu yote, toka.

Upepo wa ubavuni uje siku ya pili au ya tatu. Upepo uliopishana na njia kwa nyuzi 30 unakupa nusu ya nguvu yake ubavuni. Nyuzi 45, asilimia 70. Nyuzi 60, karibu asilimia 90. Mbinu ni ileile, bawa la upande wa upepo chini na pedali ya upande wa pili kuiweka pua sawa na mstari. Tofauti iko magurudumuni. Kwenye Piper PA-28, familia ya Archer, gurudumu la pua limeunganishwa moja kwa moja na pedali. Ukiwa umekanyaga pedali na ukaliacha liguse hivyo, linaelekea linakoelekea, na ndege inachomoka pembeni. Lishikilie juu, uziweke pedali katikati linaposhuka. Cessna ina springi katikati, inasamehe kidogo. Kwenye Diamond DA40 na Cirrus gurudumu la pua linazunguka huru: kasi ikiisha na pedali zikapoteza hewa, unaelekeza kwa breki, upande mmoja kwa wakati. Asiyejua hukanyaga zote mbili na kuteketeza tairi. Na wale wanaopenda kuteremka kwa kuteleza kiubavu wasome kwanza: kitabu cha 172S kinasema mteremko mkali wa namna hiyo uepukwe flapu zikizidi nyuzi 20, kwa sababu elevata, kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, huweza kutikisika.

Ndege zenye gurudumu la mkiani hatuziingizi humu. Uzito wake uko nyuma ya magurudumu makuu, kila upotovu unajiongeza wenyewe, na zina mafunzo yake.

Mafuta sasa, jambo dogo linalosahaulika katikati ya mizunguko. Saa moja kwenye tangi moja la Archer inaweza kuondoa lita 30 upande mmoja. Hizo ni karibu kilo 22. Bawa moja litakuwa zito wakati wa kuinua pua, na rubani atadhani ni upepo. Badili tangi kila nusu saa, ukiwa umesimama au juu kwenye kimo salama, usibadili kwenye mstari wa mwisho, na pampu ya umeme iwe imewashwa kabla ya kutua. Kwa magurudumu yanayokunjwa, sema kwa sauti "magurudumu chini, taa tatu kijani" mara mbili: sambamba na njia, na tena kwenye mstari wa mwisho. Ukiwa peke yako pia, sema.

Baada ya kila kutua andika mambo matatu tu: kasi kizingitini, mita ulizogusa mbele ya pale ulipolenga, na gurudumu lililotangulia. Kurasa mbili za namba hizo zitamwambia mkufunzi zaidi ya maneno "leo nilitua vizuri". Kasi ikibaki ndani ya noti 5 mara 5 mfululizo, na pa kugusa pakawa ndani ya mita 100, mnaweza kuanza upepo, njia fupi na uzito kamili, kwa mpangilio huo.

Na atakayerudi kwenye ndege yake ya zamani baada ya mwezi mmoja wa hii mpya, jicho lake litakuwa limehama. Afanye mizunguko 2 au 3 ya kusimama kabla ya kumchukua abiria, na mara ya kwanza ataona ameinua pua mapema au amechelewa, kulingana na alikotoka.

Nafasi ya maswali sasa. Aliyekuja na kitabu cha ndege yake akifungue kwenye jedwali la kusahihisha kasi, tutaanza na hilo.